Benki Imekubali, Baba

Baba, shikamoo.

Benki imejibu. Jibu limekukosa kwa miezi minne.

Nilikuwa ofisini hapa shambani, nachapa orodha ya madereva wa mashine za kuvunia ngano, tarishi akaniwekea bahasha mezani. Jina lako juu yake. Nilishindwa kuifungua mpaka wenzangu walipotoka kwenda kula.

Wanasema akiba uliyoweka ulipokuwa fundi kule Kampala ni deni la benki yenyewe, na kufungwa kwa tawi lao la huko hakukulifuta. Makao makuu, Uingereza, yatawalipa warithi. Baba, ni maneno yako yale yale! "Fedha niliikabidhi benki, sikuukabidhi ukuta." Miaka yote ile walikujibu ukachukulie tawini, na tawi lina kufuli, wenyewe wameshaondoka. Ukasema tuandike tena. Wakili wa Arusha alipokubali kukusaidia, ulivaa koti la kanisani kwenda kumshukuru.

Karakana nzima ya hapa shambani, ulikofanya kazi, ilikucheka. Fundi Gwandu alikuita "tajiri wa Kampala" mbele ya vijana. Nilimpelekea barua. Aliisoma mara mbili, akajifuta grisi mikononi, akasema, "Kumbe mzee alikuwa anasema kweli." Kisha akarudi chini ya trekta. Basi, ikaishia hapo.

Nikaenda nyumbani. Nilikuwa na habari kubwa kuliko zote za maisha yetu, na nyumba haina mtu. Mama alitangulia, sasa na wewe. Nikawasha jiko, nikasonga ugali wa watu wawili.

Kuna jambo sikuwahi kukuomba msamaha. Siku ile ulipotoa kitabu cha akiba nilikuuliza, "Baba, hii benki ipo kweli?" Ulikifunga tu kwenye kitambaa chake. Mimi, mwanao, niliyekuandikia barua zote zile... Nilikuwa naandika tu, Baba. Sikuamini. Nisamehe.

Shirika lenye shamba limeitaka nyumba yake, anakuja fundi mwingine. Nahamia Endagikot, kwenye kiwanja chako, na fedha zikifika nitajenga. Mlango utatazama barabara ya Mbulu kama ulivyotaka, ili kila apitaye umwone, umwite anywe chai.

Nitamwita mimi.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Paulina