Sindano ya Tisa

Jumatatu, 2 Februari 1953. Lindi.
Nimehesabu sindano asubuhi. Tisa. Zote shavuni mwa Bi Somoe wa Miteja, kila moja na uzi wake umebandikwa nje kwa plasta. Ndani mna radiamu, inaiunguza saratani kidogo kidogo, siku saba tangu Jumamosi iliyopita. Tambuu ya miaka mingi imemfikisha hapa. Nimemkataza kusukutua. Amenitazama kama mtoto mjinga.

Jumatano, 4 Februari
Nane.
Nimehesabu mara tatu. Nimepekua shuka, mto, kopo la mate, mfereji. Haipo. Daktari mzee hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alinionyesha tu vidole vyake vilivyokakamaa. Ujanani mwake radiamu waliishika kwa mikono mitupu. Isipopatikana kesho, anazitoa zote na kuzirudisha Dar es Salaam. Ndiyo amri. Basi Bi Somoe atakufa na donda lake. Sikubali. Nitaipata.

Alhamisi, 5 Februari
Bi Somoe amekiri, analia. Kila akitia udhu alisukutua. Nikamwambia kusukutua ni sunna tu, mgonjwa husamehewa. Akaniuliza tangu lini dresa, mfunga vidonda, akawa mwalimu wa chuo cha Kurani. Kosa langu. Ningemleta mwalimu siku ya kwanza.

Juzi sindano ilitoka na maji. Mdogo wake, Bi Mwanahawa, akaiona bakulini: ina tundu, ina uzi. Sindano nzima haitupwi. Akaichomeka kwenye ukili, ule utepe wa mkeka uliosukwa, akaenda nayo kwake Mingoyo kumshonea mjukuu mkeka.

Nimedandia lori la katani, kopo zito la madini ya risasi, la kuzuia mionzi, mapajani, koleo mfukoni. Mkeka haujaisha, sindano imechomekwa pembeni. Mjukuu kalala juu ya mkeka huo. Nikamnyanyua mtoto kwanza. Ndipo nikatoa koleo. Niliogopa sana, sifichi.

Ijumaa, 6 Februari
Mtoto kaletwa. Daktari kamgeuza huku na huku. Mgongo safi, ila aletwe kila wiki. Bi Mwanahawa hanitazami usoni.
Mwalimu wa chuo kaja. Kamwambia Bi Somoe yaleyale niliyomwambia mimi. Kamsikiliza! Haya.

Jumamosi, 7 Februari
Zimetoka nane. Na ile ya Mingoyo, tisa. Sanduku limefungwa. Uvimbe umenywea, kupona, Mungu ndiye ajuaye.
Bi Somoe hakuuliza habari ya donda. Aliuliza, "Mwanangu, sasa nisukutue?"
Nimemjazia birika mwenyewe.