Goti Lisilokunjika

Kozyna Balka, 1 Aprili

Dada yangu Dokia,

Salamu zikufikie huko Belgorod kabla hazijapoa. Mimi mzima, ukiacha meno yaliyohama bila kuaga na goti la kushoto ambalo bado ni gogo lilelile. Tangu trekta ya shamba la ushirika inilalie, halijakunjika hata siku moja, na padri alishakata tamaa ya kuniona nimepiga magoti. Hofu ni kwako. Unalala? Presha je? Na ile televisheni yako, bado inakula nawe mezani?

Barua hii inazunguka kuliko mimi nilipokwenda jeshini. Halyna wa posta anakuja na gari lake Jumanne na Ijumaa, anaipiga picha kwa simu, anamrushia binti wa binamu yetu, Lesia, kule Tbilisi, na Lesia anakurushia wewe. Kilomita arobaini tu na mpaka wa vita kati yetu, na maneno yanapitia milima ya watu! Zamani nilipanda basi la asubuhi, nikanywa chai kwako, nikarudi kukamua mbuzi jua likiwa bado juu.

Kijijini tumebaki kumi na mmoja. Bata bukini wangu ndiye wa kumi na mbili, kwa sababu anapiga kelele kuliko mwenyekiti. Redio yetu inasema tunashinda kila siku. Mimi mtu wa darasa la saba, hesabu kubwa siziwezi, lakini kama tunashinda kila siku, mbona bado nalala chini ya nyumba pamoja na viazi?

Kwa mama sijapanda, huu mwaka wa tatu. Makaburi yako wazi juu ya kilima, na askari wa upande wenu wanayaona kama ninavyoiona sahani yangu. Nyasi zitakuwa zimefika msalabani. Najua ndicho ulichotaka kuuliza, ndiyo maana nimekiweka mwisho.

Kaka yako mwenye meno manne,
Panas


Belgorod, 9 Aprili

Kaka Panas,

Shikamoo. Presha inapanda na kushuka kama lifti ya jengo letu, ila nipo. Jana king'ora kililia mara mbili, nikakaa bafuni na mto kichwani. Usinicheke.

Nina habari njema. Televisheni imetangaza: upande wetu utasitisha mapigano siku tatu, Jumamosi hadi Jumatatu, ili watu wawatembelee wafu wao Jumapili ya Makaburi. Upande wetu peke yake, bila kuombwa, kwa huruma tu. Mtangazaji mwenyewe machozi yalimlenga.

Nenda kwa mama, Panas. Sitakuomba kingine. Nimemwota mara tatu, amekaa kwenye kile kibenchi chetu cha buluu, ametandika kitambaa mapajani, anangoja. Hasemi kitu. Anaitazama mikono yangu tu, kama alivyoitazama tuliporudi dukani. Mpelekee yai jekundu kwa jina langu, ulibingirishe juu ya kaburi kama desturi, umwambie Dokia yu hai. Mizaha yako iache nyumbani siku hiyo moja. Mimi siwezi kuvuka. Wewe uko mita mia nane tu.

Mdogo wako,
Dokia


Kozyna Balka, 11 Aprili

Dokia mdogo wangu,

Salamu za mbio mbio. Halyna amenisomea barua yako mlangoni, injini inaunguruma, anasema nina dakika kumi. Goti ni lilelile. Kichwa chako kinaendeleaje?

Kusitisha vita peke yako! Unamkumbuka jirani yetu Omelko na yule bukini wangu wa zamani? Alisimama kwenye uzio akautangazia mtaa mzima: "Panas! Kuanzia leo sirushi tena mawe, mimi ni mtu wa amani!"

Nikamwuliza, "Na hilo lililo mkononi?"

"Hili? Hili nalishika tu lisianguke."

Jioni bukini alikuwa anachechemea, na Omelko akaapa kanisani kwamba bukini ndiye aliyeanza.

Amani ya mtu mmoja ni kama ndoa ya mtu mmoja, dada. Picha ya harusi inatoka nzuri, bwana kasimama na kofia yake, ila usiulize usiku unakuwaje.

Kwa hiyo siendi. Halyna naye anasema nisithubutu, na Halyna ameona mengi kupitia kioo cha gari lile.

Mayai nimeyachemsha na maganda ya vitunguu, mawili, yametoka mekundu vizuri. Si kwa ajili yako. Maganda yalikuwa yamejaa jikoni.

Usiote tena mpaka nikwambie.

Kaka yako,
Panas


Belgorod, 14 Aprili

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo mara elfu! Sikuulizi hali, maana nimekuona kwa macho yangu. Umeonyeshwa kwenye televisheni!

Jana taarifa ya habari, nimeshika kijiko cha supu, namwona mzee anapanda kilima. Kofia ya marehemu baba yenye masikio. Kikapu cha mama. Ule mwendo wa kuburuta mguu. Nikapiga kelele mpaka Zinaida wa ghorofa ya juu akashuka na kandambili moja.

"Kuna nini? Umeungua?"

"Yule ni kaka yangu!"

"Yupi?"

"Yule mzee! Yule mkaidi!"

Picha imepigwa kutoka juu, kama anavyoona kunguru. Umefika, umelibingirisha yai, umesimama kidogo, umevua kofia. Halafu, Panas, umepiga magoti. Wewe! Magoti yote mawili, na paji la uso umelilaza kwenye udongo. Picha ikaishia hapo. Mtangazaji akasema wazee wa upande wa pili wanasali kwa shukrani, kwa utulivu waliopewa. Zinaida alilia kunizidi.

Unaona sasa? Haikuwa uongo. Mungu mwenyewe amelikunja goti lako juu ya kaburi la mama. Niandikie upesi. Nyasi zilifika wapi? Kibenchi kipo? Ulimwambia?

Mdogo wako mwenye furaha,
Dokia


Belgorod, 23 Aprili

Kaka Panas,

Shikamoo. Ijumaa imepita, na Jumanne imepita, sina barua. Lesia anasema simu ya Halyna haipatikani.

Kile kipande wanakirudia kila siku. Nimekitazama mara kumi na nne. Mwanzoni nilitazama kofia, kisha kikapu. Sasa natazama goti peke yake. Madaktari wawili wa Kharkiv walishindwa kulikunja. Mama alilisugua kwa gongo na mafuta ya bukini miaka miwili, ulikuwa ukimtania kwamba gongo bora lipite mdomoni. Zinaida anasema ni muujiza. Nikamwambia, "Zina, naijua familia yetu. Miujiza haijui nyumba yetu iko wapi."

Na kuna jambo jingine, naogopa hata kuliandika. Picha imepigwa kutoka juu. Nani alikuwa juu, Panas? Alikuwa anatafuta nini huko, siku ya huruma? Na kwa nini wameikata pale ulipoanguka?

Nimeandika ulipoanguka. Sifuti.

Televisheni nimeizima. Nyumba imekuwa kimya mpaka naisikia friji. Watu waliniambia mengi miaka hii mitatu, wewe ukiwa wa kwanza, na mimi nilimwamini mtangazaji kwa sababu alikuwa na machozi.

Mimi ndiye niliyekutuma. Niandikie, kaka. Niandikie hata tusi.

Mdogo wako,
Dokia


Kharkiv, hospitalini, 6 Mei

Dokia,

Tusi umeliomba mwenyewe, pokea: mbuzi wee, tena mbuzi asiye na maziwa. Sasa salamu. Mimi mzima, ukiacha kile kisichokuwepo. Hofu ni kwako, maana barua yako Halyna ameisoma hapa kitandani kwangu na wodi nzima ikapenga makamasi.

Wamelikata goti la kushoto na kila kilichokuwa chini yake. Daktari, kijana mdogo, aliniomba radhi. Nikamwambia, mwanangu, usihuzunike, trekta iliacha makombo, wewe umefuta sahani.

Sikupiga magoti. Heshima yangu irudishwe! Nilikuwa nimevua kofia, nikakisikia kidroni kinalia juu ya kichwa kama mbu aliyeshiba. Nikakinyooshea ngumi, kidole gumba kimechungulia kati ya viwili, ile ishara ya matusi mama aliyotuchapia. Hiyo hawakuonyesha, na ndiyo sehemu tamu. Kisha kikadondosha bomu kililobeba, na ardhi ikapanda ikanipiga usoni. Halyna alinifuata na gari la posta mpaka kilimani, akanilaza juu ya magunia ya barua za watu. Simu yake ilibaki huko huko, nyingine ameipata juzi.

Sasa sikiliza. Usiniambie tena ulinituma. Nina miaka sabini na sita, hakuna aliyewahi kunituma hata chumvi, muulize marehemu mke wangu. Nilikwenda kwa sababu na mimi nilimwota mama. Tofauti ni kwamba kwangu aliongea. Aliniuliza, "Mdogo wako umemwacha wapi?" Nikaamka, nikachukua kikapu.

Nyasi zimefika msalabani, nilizing'oa kidogo. Kibenchi kimebaki na miguu mitatu, bado kinanizidi kwa miwili. Yai langu lilipondekea chini ya tumbo. Lako lilibingirika likaenda kukaa chini ya msalaba, zima, kama limeitwa. Nilimwambia mama, Dokia yu hai. Nilimwambia kwa sauti, na huyo aliyekuwa juu asikie.

Kwa hiyo sasa mkosi wa padri umekamilika, sitapiga magoti tena kabisa. Wewe unayo mawili. Yatunze, usiyamalizie kwenye sakafu ya bafu. Siku basi la asubuhi litakapoanza tena, panda. Tutakwenda polepole, mimi na gongo langu, la kutembelea na la kunywa. Wewe utapiga magoti, mimi nitakushikia kofia.

Kaka yako, mguu mmoja, meno manne,
Panas