Runinga Yangu, Skrini Yake

Jumatatu, 3 Machi
Mama watoto kaletewa kompyuta mpya na ofisi yake. Sasa atafanyia kazi nyumbani. Skrini moja haimtoshi — anataka ya pili, ya kuwekea majedwali. Macho yakaenda kwenye runinga yangu. Ya chogo, sawa, lakini ndiyo ya mwisho niliyoitengeneza kabla sijafunga duka langu la ufundi. Kasema atamwita mtu wa ofisini aje aiunganishe. Mtu wa ofisini! Nimekula na kulea kwa runinga za watu, leo mgeni aje kushika yangu? Nimemwambia aniachie mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua kiboksi cha kubadilishia picha ya kompyuta iingie kwenye runinga. Upande huu waya wa kompyuta, upande ule nyaya tatu — nyekundu, nyeupe, njano. Nikachomeka. Giza. Nikabadili nyaya. Giza tupu. Basi nikafanya ninachokijua: nikaifungua runinga, nikapangusa vumbi, nikalehemu upya soketi zote za nyuma. Kutwa nzima nimepiga magoti sakafuni. Yeye anapita na kikombe chake, anaziruka nyaya.

Jioni kainama, kaokota waya mfupi uliobaki kwenye pakiti. Kauliza huu wa umeme wa kiboksi mbona sijauchomeka. Akauchomeka mwenyewe. Picha ikaja.

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumatano, 5 Machi
Herufi zina ukungu, na kingo za picha zimeliwa. Runinga za zamani ndivyo zilivyo. Nimehangaika na mipangilio mpaka jedwali lake likaingia lote. Kasema ahsante, macho yako kwenye jedwali. Taarifa ya habari sikuiona. Alikuwa na kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Sebuleni sina pangu tena. Nikikaa kwenye kochi langu, kamera ya kompyuta inaniona. Kaniomba, kwa adabu kabisa, nikae jikoni wakati wa mikutano. Nimekaa. Huku namsikia bosi wake akichekesha watu kupitia spika zangu, spika nilizozibadilisha kwa mikono hii. Na mke wangu anacheka hadi anakohoa. Mimi hajanichekea hivyo tangu duka lifungwe. Inaniuma. Nimwambie nani?

Jumatatu, 10 Machi
Mkutano ukiwa katikati, runinga ikapoteza picha. Kaniita kwa mkono, bila sauti. Nikapita nyuma ya kiti chake, nikachuchumaa nyuma ya runinga, nikaukandamiza waya wa njano. Ulikuwa umelegea tu. Bosi akarudi, uso umejaa kioo kizima. Akauliza ni nani huyo aliyepita.

Mke wangu hakusita hata kidogo. Kasema ni fundi.

Si uongo, hapo ndipo paliponichoma. Nilikuwa bado nimeushika ule waya. Nikauchomoa, nikautia mfukoni, nikapita tena nyuma yake, polepole, kamera inione vizuri.

Niko jikoni naandika haya. Waya uko mfukoni. Sebuleni namsikia bosi akimuuliza mke wangu kama bado yuko nao. Naye anaita, kwa ile sauti yake ya ofisini: fundi, samahani, hebu njoo mara moja.

Sijaitika. Anaita tena —