Mama, nimeifungua taa yako

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe ungeliona usoni kwangu kabla sijavua viatu.

Nina jambo la kukueleza, usikasirike kwanza. Nimeifungua taa yako. Ile ya shaba yenye vioo vya rangi, uliyoinunua sokoni Newtown ukaipakata ndani ya basi kama mtoto mchanga. Nimeifungua kwa bisibisi, nikaitoboa tundu.

Tulipomaliza kukuzika, Papa alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto umelala: mguu unaburuzika, mkono haushiki. Anayemwosha ni mimi, anayemlisha ni mimi. Mchana nikiwa kazini kule Kensington, kwenye duka la kutengeneza televisheni na redio, jirani anapita kumchungulia. Jioni anataka taa yako iwake. Ile ya darini haitaki, anasema inamfanya ajione yuko hospitali. Lakini taa iko palepale ulipoiweka, juu ya kabati, na swichi yake iko kwenye waya, kule nyuma. Nilipotaka kuisogeza karibu na kitanda alinikaripia: "Iache! Mama yako ndiye aliyeiweka hapo."

Basi mimi nikawa swichi. Nikawa nalala kwenye godoro chini, kando yake. "Faida, washa." Nawasha. Nikipitiwa tu na usingizi, "Faida, zima." Eish, Mama. Kuna siku nilisinzia dukani nimeshika chuma cha kulehemia, cha moto.

Kisha jioni moja nikarudi nikamkuta sakafuni. Alikuwa amejiburuza kutoka kitandani akaishia nusu ya njia, paji la uso limevimba. Nilipiga kelele, nikamuuliza anataka kuniua kwa presha? Akanijibu polepole, kwa ule mdomo uliopinda: "Nilitaka uikute inawaka."

Sikuwa na nguvu ya kumwinua. Nikakaa chini naye. Tulikaa hapo wote wawili, chumba kinazidi kuwa cheusi.

Mwishowe nikamwambia, Papa, ama taa inahama, ama naifungua. Akafikiri sana. "Isihame."

Bosi wangu, Kaka Saidi, yule Mtanzania, alinipa kibao cha saketi alichokitoa kwenye feni iliyokufa, pamoja na rimoti yake. Akanionya: "Dada, hii siyo rimoti ya geti. Mwanga wake huuoni, lakini haupiti kwenye ukuta wala kwenye shaba. Lazima jicho lione jicho." Ndiyo sababu ya lile tundu, Mama. Bila tundu taa yako ingekuwa kipofu.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilichomoa plagi, nikailaza taa kwenye meza yako ya cherehani, Papa akiniangalia kama mtu anayesubiri daktari atoke chumba cha upasuaji. Nikafungua kitako. Ndani nikakuta waya uliokatika zamani ukaungwa, na pale kwenye kiungo umezungushiwa uzi wa buluu, mzunguko juu ya mzunguko, ukafungwa kwa fundo lako lile dogo la mwisho wa mshono.

Kumbe uliifungua kabla yangu. Hukumwambia mtu.

Kiungo ilibidi nikifanye upya, uzi si kitu cha umeme, ungetuunguza humu ndani. Niliufungua taratibu nikampa Papa. Akauweka kwenye kiganja cha ule mkono usioshika, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja kwa mkono mzima. Nikangoja aseme tuache. Akasema, "Toboa."

Nikatoboa upande unaotazama kitanda, tundu dogo, unaweza kudhani ni urembo. Nikakiunga kile kibao ndani, jicho lake nikalipachika kwenye tundu, nikafunga kitako, nikachomeka plagi. Nikampa rimoti. Akabonyeza, hakuna kitu. Akabonyeza tena kwa hasira. Nikaona ameishika kinyume, anajiwasha mwenyewe kifuani. Nikamgeuzia. Taa ikawaka, rangi zako zote zikapanda ukutani, na Papa akacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, Mama, lakini alicheka. Mimi ndiye niliyelia.

Sasa hata umeme ukikatwa, na wanaukata mno siku hizi, ukirudi taa haiwaki yenyewe. Inamsubiri yeye. Hilo analipenda kuliko yote.

Jana nilipomaliza kumfunika blanketi, nikaanza kutandika godoro langu chini kama kawaida. Akanitazama.

"Nenda ukalale chumbani kwako, mwanangu. Taa nitaizima mwenyewe."

Nilibaki nimesimama na shuka mkononi, sijui niiweke wapi. Kisha nikaenda. Kitanda changu kilikuwa na vumbi. Nikalala bila hata kukipangusa, nikaja kuamka jua liko dirishani.

Siwezi kukuahidi kwamba atatembea. Daktari mwenyewe hasemi. Ninachokuahidi ni kidogo: betri za rimoti nitazibadilisha kabla hazijaisha, na Papa sitamwachia mtu mwingine amwoshe maadamu mikono yangu ni mizima. Uchovu bado ninao. Lakini leo nimeamka nikakumbuka sauti yako vizuri, jambo ambalo lilikuwa limeanza kunitoka.

Pumzika, Mama. Na sisi huku tumeanza kulala.

Binti yako,
Faida