Mwanao Ana Maziwa

Fundi wangu uliye mbali,

Sisi wazima, na paa ulilolipiga misumari halivuji tena. Nilipokuambia mwanao ana maziwa, ukajibu, "Vizuri, basi sileti ya kopo." Jamani, mume wangu! Sikusema ya kunywa. Ni kifua cha kichanga wetu kilichovimba, kidume kizima kimebeba ndimu mbili.

Mama yako alipoona, akanawa mikono. "Lete niyakamue."

Nikamkwapua mtoto, mbio miguu peku mpaka kwa mkunga, roho i mkononi. Mkunga akacheka. "Hata wavulana huwa hivyo. Homoni zako zilimpitia tumboni, bado zimo mwilini mwake. Msikamue wala msikande, mtamtia usaha. Yakiwa mekundu au akipata homa, mlete. La sivyo yatanywea yenyewe."

Sasa mama yako anamwita "mama mwenzangu", naye anamkojolea kila akipakatwa.

Basi mwanao ana kitu changu mwilini, kinamtoka taratibu. Wewe je, umeondoka siku nyingi, changu kimeshakutoka chote? Kama kimebaki hata kidogo, njoo kabla maziwa yake hayajanywea.

Ni mimi, mwenye maziwa ya kweli,
Mama Ndimu