Dari ya Ukumbi Mpya

Jumanne, 18 Novemba 1986
Ukuta wa kati umevunjwa. Ile ofisi tupu ya mawakala wa pamba sasa ni ukumbi, na harusi ya kwanza ni ya mwanangu Tumu. Mume wangu, Bwana Stambuli, atembea humo kifua mbele. Mimi kila nikiingia natazama juu. Boriti ni fupi — ndiyo maana wa kale walijenga vyumba vyembamba — na zote zilikuwa zimeukalia ukuta ule. Fundi Musyoka kazishikiza kwa magogo katikati. Asema yasiguswe mpaka chuma cha kubebea boriti kije kutoka Mombasa.

Jumatano, 19 Novemba
Mvua kutwa. Dari ni mawe na chokaa, imekunywa maji. Nimefagia mchanga uliodondoka asubuhi. Adhuhuri upo tena. Nikamwambia bwana tuahirishe. Akacheka. Eti waalikaji wameshapita nyumba kwa nyumba, Shela, Barani, mpaka Mambrui — nani atarudi kubisha hodi awaambie watu wasije? Kweli. Harusi ikishaalikwa hairudishwi, watasema bibi harusi ana ila. Lakini naogopa.

Ijumaa, 21 Novemba
Magogo yameondolewa! Bwana kawaita wapagazi baada ya sala, wakayatoa. Wanawake watachezea wapi, asema, na magogo yamesimama kati kama wageni wasioalikwa? Musyoka kaja, kaona, kachukua vyombo vyake kaenda zake bila kuaga.

Jumamosi, 22 Novemba, baada ya alasiri
Wamejaa. Niko na Tumu chumba cha nyuma, kilichokuwa stoo ya mafaili. Hiki kina kuta zake zote. Kiti atakachokalia akitolewa wamekiweka pale pale ulipokuwa ukuta.

Wifi yangu Kibibi kagonga: mtoe bibi harusi, watu wamechoka. Nikasema bado nampaka wanja. Uwongo. Nimefunga kwa ufunguo. Bibi harusi hajatoka, ngoma haipigwi. Wakichoka watarudi makwao. Aibu nitaibeba mimi.

Kibibi karudi, asema mlangoni: haya, mpambe mpaka uridhike, sisi twaanza.

Ngoma imelia. Sakafu yatikisika. Nimepaza sauti, tokeni nje, dari! — ngoma imeimeza. Nasikia changarawe zadondoka. Yaa Rabbi, mama yangu mzazi wamemkalisha mbele, kando ya kile kiti kitupu.

Tumu analia nifungue, bibi yake yuko huko. Nikifungua tu, watamshika Tumu mkono wamwingize ukumbini.