Alama ya Mawese Ukutani

Gungu, Jumapili

Feliksi mwanangu,

Huku wazima, mawese tumeshakamua. Dada yako Melania kaniambia ulichonificha: huko Manyovu vidole vilikufa ganzi kwa baridi, ukashindwa kushika breki, ukaanguka na abiria.

Nimekununulia glavu nzito za pikipiki. Muuzaji aliuliza saizi, nikasema ni za mtoto wangu, akanipa ndogo. Nyumbani nikazipima kwenye ile alama ya kiganja chako chenye mawese, uliyoiacha ukutani ulipokuja mara ya mwisho nikakugombeza. Mungu wangu! Kiganja kilizizidi kila upande. Nikabaki nimesimama: mkono huu wote nimeuzaa mimi?

Nimezibadilisha, Melania atakuletea. Ile chokaa niliyonunua kufuta alama yako, nimempa jirani.

Mama yako,
Caritas